Samaki wa urembo wananifia saluni, Mbeya. Nakosea wapi?

Kinyozi wa Soweto

Wakuu, habari za jioni. Nina saluni ya kiume hapa Soweto, Mbeya mjini, viti vitatu, na tatizo langu la siku zote ni watoto. Mzazi anamleta mtoto, mashine ikilia tu na mtoto naye analia, wateja wengine wanaanza kutazama saa. Sasa mwezi wa tano nilikwenda Dar kwenye msiba wa mjomba, nikamkuta binamu yangu ana tenki la samaki sebuleni. Mwanawe wa miaka mitatu kakaa mbele ya kile kioo nusu saa nzima, kimya. Nikasema dawa yangu hii hapa.

Niliporudi nikamwona fundi vioo, akanitengenezea tenki la urefu sentimita 90, upana 35, kimo 40. Binamu akaninunulia moli wanne, neoni tetra sita, enjeli wawili, na yule mnyonya kioo wanamwita pleko. Wakaja na basi, kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa oksijeni. Saa nne usiku nawapokea stendi, wote kumi na watatu wazima. Kesho yake asubuhi nikaosha mchanga, nikajaza maji ya bomba, mchana nikawamwaga humo.

Siku tatu za kwanza ilikuwa sherehe. Watoto wa Soweto wote wakawa wateja wangu, hata waliokuja wamenyolewa tayari. Siku ya nne maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Siku ya sita neoni wawili wakalala. Nikasema huo ni uchafu. Nikamwaga maji yote, nikasugua kioo, sponji ya filta nikaifua kwa sabuni ya unga mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Baada ya hapo ndipo vifo vikaanza kwelikweli. Leo ni wiki ya tatu, nimebaki na moli wawili, enjeli mmoja na pleko. Moli wanapumulia juu, mdomo umechungulia nje ya maji kama mtu anayepiga mluzi.

Maelezo mengine: nina hita ya wati 50, filta ya sponji, na pampu ndogo ya hewa nimeiweka sakafuni chini ya meza ya mashine ili isionekane. Chakula asubuhi na jioni, ingawa najua watoto huwatupia maandazi nikiwa nimegeuka. Saa tatu usiku nafagia nywele, nazima taa, napuliza dawa ya mende, nafunga. Hita na pampu haviguswi, vinakesha. Na mwezi huu wa saba mnaijua Mbeya, asubuhi mtu akikusalimia anatoa moshi.

Nakosea wapi? Wateja wameanza kuniita mzika samaki.

Mzee wa Kitoweo

Kijana, samaki usiyemla utamlilia bure. Weka perege humo, wakifa unajua pa kuwapeleka.

Tabibu wa Mtaani

Hao wana bakteria. Nunua tetrasaiklini, fungua kapsuli mbili, mwaga kwenye maji, kesho wataamka. Mimi kuku wangu nawatibu hivyohivyo.

Mama Kemia, Kihesa

Kamwene. Kinyozi mdogo wangu, hiyo kapsuli usiifungue. Na wewe Tabibu, waache kuku wako wapumzike.

Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Iringa, nimefuga samaki tangu 2016, na mwaka ule wa kwanza niliua wengi kuliko wewe. Nitakueleza kama ninavyowaeleza kidato cha tatu, usiudhike.

Samaki wako wamekufa kwa mkojo wao. Samaki hutoa amonia, tena sehemu kubwa huitoa kwa mashavu anapopumua, siyo kwa kinyesi. Mtoni inasombwa. Ndani ya tenki lako inabaki palepale, inaunguza mashavu yaleyale yaliyoitoa. Ongeza na maandazi yanayooza chini ya mchanga, nayo yanatoa amonia. Ndiyo maana wanakwenda juu: pumzi haipiti vizuri, mashavu yameungua.

Kinachookoa ni bakteria. Kuna kundi linalokula amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi lingine linalokula nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki anaivumilia ikiwa si nyingi. Bakteria hawa hawaogelei wakisubiri kazi. Wanajishikiza, kwenye mchanga, kwenye kioo, na zaidi ya yote kwenye sponji ya filta. Wanazaana polepole mno. Kwenye tenki jipya huchukua wiki nne mpaka sita kufikia idadi ya kutosha, na maji yakiwa ya baridi wanachelewa zaidi. Wewe uliweka samaki kumi na watatu siku ya kwanza, kwenye nyumba isiyo na choo. Siku ya sita choo kimeanza kujengwa, ukakifua kwa sabuni ya unga.

Sponji haioshwi bombani. Siku ya kubadilisha maji, mimi huchota maji ya tenki kwenye beseni, naikamulia humohumo mara tatu au nne. Yanatoka maji ya rangi ya chai ya rangi iliyochacha, yananuka udongo wa mvua. Nairudisha ikiwa bado chafu kidogo. Mume wangu alikuwa ananicheka, sasa hivi akiniona na beseni anasogeza mwenyewe kiti.

Kwa sasa fanya hivi. Chakula acha siku mbili nzima, hawafi njaa. Kila siku toa robo ya maji kwa mpira, ukinyonya uchafu wa juu ya mchanga hasa pale maandazi yanapoangukia, urudishe maji mengine. Hayo mengine yasitoke bombani moja kwa moja: yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke, halafu uyapashe kwa kuchanganya na ya birika mpaka yalingane na ya tenki. Ukiwa na haraka, chembe kidogo za sodiamu thayosalfeti zinaua klorini papo hapo, na dawa nyingi za dukani za kutengeneza maji zina hiyohiyo ndani. Yangu nanunua kwa pesa yangu, siyo ya maabara ya shule, msije mkaniandikia barua.

Jambo la pili ni baridi. Nunua kipimajoto, weka kingine ukutani, utuletee namba za saa kumi na mbili asubuhi. Kanuni ya kawaida ni wati moja kwa lita, na hiyo ni kwa nyumba zenye joto. Tenki lako likijazwa sentimita 35 ni lita 110. Hita ya wati 50 ndani yake ni kibatari kwenye ukumbi wa harusi.

Tatu, hao uliowachanganya hawakupaswa kukutana. Moli anataka maji magumu yenye chumvichumvi za chokaa. Neoni kwao ni vijito vya Amazoni, maji laini yenye asidi kidogo. Enjeli akikua anamla neoni, hana ubaya, ndicho chakula chake. Na pleko wa kawaida anaweza kupita sentimita 30, huyo ni kufuga mbwa kabatini.

Fundi Vioo, Mwanjelwa

Mwalimu shikamoo. Tenki la sentimita 90 kwa 40 kioo cha milimita 6 kinatosha, lakini kiwe na mkanda wa kioo juu, mbele na nyuma, la sivyo kinatanuka tumbo. Mwulize aliyekutengenezea alitumia silikoni gani. Ile ya bafuni iliyoandikwa inazuia ukungu ina dawa, haifai. Inayofaa ni ile tupu, inayonuka siki ikiwa mbichi, na iachwe ikauke wiki nzima ndipo maji yaingie.

Pia meza. Lita 110 ni kilo 110, weka mchanga na kioo unakaribia 150. Mbao za msindano za Sao Hill zinabeba bila shida, ila zipake vanishi mpaka chini ya miguu maana zikinywa maji zinavimba, tenki linakaa upande, na kona moja inaanza kulia. Chini ya tenki tandika sponji nyembamba.

Sasa baridi. Wateja wangu wa Forest na Uhindini nawaambia watafute yale maboksi meupe ya stairofomu ya kwenye televisheni. Kata ubandike nyuma, ubavuni na chini, na mfuniko wa kioo juu. Joto jingi linapotea juu. Na badala ya hita moja ya wati 200 nunua mbili za 100, moja kila kona. Moja ikigoma kuzima haina nguvu ya kuchemsha tenki lote, ikigoma kuwaka mwenzake anashika zamu.

Kinyozi wa Soweto

Mwalimu, shikamoo, na ahsante sana. Nimesoma hiyo ya choo na sabuni ya unga kwa sauti hapa saluni, tumecheka mpaka mteja kakatwa vibaya pembeni.

Namba hizi. Leo saa kumi na mbili asubuhi chumba nyuzi 12, maji 17. Saa nane mchana maji 22. Maandazi nimeyanyonya, yametoka kama uji, harufu yake siisemi. Nimebadilisha robo ya maji jana na leo. Moli wameshuka kidogo, hawapigi tena mluzi mchana.

Lakini asubuhi nikifungua wamelala chini wanatetemeka, wanazunguka zunguka ubavu, halafu kufika saa tano wanakuwa afadhali. Hiyo nayo ni amonia? Mbona inakuja usiku tu?

Mama Kemia, Kihesa

Sehemu ni baridi, kushuka nyuzi tano kila usiku ni mateso. Angalia pia kama wana vidoa vyeupe vya ukubwa wa punje ya chumvi mapezini, ugonjwa huo hupenda samaki waliopigwa na baridi.

Na usizime pampu hata dakika. Mbeya mko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu ya Dar kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo hata oksijeni inayoingia kwenye maji ya joto lilelile ni pungufu kwa kiasi hicho. Tenki la binamu yako lenye samaki ishirini kwako libebe kumi na tano.

Ila kutetemeka na kuzunguka ubavu usiku tu, hapo sijaridhika. Ngoja nifikirie.

Binti wa Umalila

Samahanini kuingilia wakubwa. Nyote mmepita juu ya sentensi moja. Kaka kinyozi anasema kila usiku anapuliza dawa ya mende, kisha anafunga mlango, na pampu ya hewa iko sakafuni.

Kwetu Umalila tunalima pareto. Nimekua nachuma yale maua meupe, tunaanika kwenye mikeka, na bibi alitukataza kabisa kuoshea mikono kijitoni baada ya kuanua, tuoshe kwenye beseni tumwage shambani. Alisema samaki hawaipendi. Shuleni ndipo nikaelewa: sumu ya pareto inashambulia neva. Binadamu na ng'ombe miili yetu inaivunja haraka, mdudu hawezi kwa kasi hiyo, na samaki naye hawezi. Dawa nyingi za kopo ni pareto yenyewe au ndugu zake wa kiwandani, mengi ya majina yao yanaishia na thrini: permethrini, sipamethrini. Kachukue kopo lako usome mgongoni kwa zile herufi ndogo.

Pampu haitengenezi hewa, inavuta ya chumbani. Umepuliza chini kwa ajili ya mende, pampu iko chini, inaivuta na kuisukuma ndani ya maji usiku kucha. Asubuhi unafungua mlango, hewa inabadilika, kufika saa tano wanaanza kupata nafuu.

Mama Kemia, Kihesa

Mwanangu wa Umalila, njoo usimame mbele ya darasa nikae mimi.

Kinyozi, leo hii: pampu ipande juu ya usawa wa maji, tena ukiwa juu hata umeme ukikatika maji hayarudi kwa mpira wa hewa kuiharibu. Badilisha nusu ya maji. Ukipata kaboni ya filta, iweke wiki moja, inanyonya sumu za namna hii. Siyo mkaa wa jiko, tafadhali. Dawa ya mende acha, tumia ya kupaka au mitego. Spiriti unayopulizia mashine nayo ipulizie mbali, na poda pia.

Kinyozi wa Soweto

Nimesoma kopo. Imeandikwa sipamethrini, na chini yake: hatari kwa samaki na nyuki. Nimekaa kwenye kiti cha mteja nikajitazama kwenye kioo.

Mtu wa Matema

Ndaga wote. Mimi nauliza, kwa nini unafuata samaki wa Amazoni mpaka Dar wakati tuna ziwa hapo chini? Mbuna wa Ziwa Nyasa wanafugwa Ujerumani na Marekani, watu wanalipa pesa. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunalala kifudifudi juu ya majabali pale Matema, chini ya Milima ya Livingstone, unawaona bluu na njano wanakwangua mwani kwenye mawe. Jike anabeba mayai mdomoni kama wiki tatu, hali chakula, mpaka watoto watoke.

Mama Kemia, Kihesa

Wazuri, lakini siyo wa kuchanganya. Mbuna anagombea jiwe lake kama mtu na mpaka wa shamba. Ukiamua mbuna, iwe mbuna peke yao, mawe mengi, maji ya alikali maana ziwa lenyewe pH yake ni kama 8, na joto 25 hivi. Na hawachotwi tu ziwani kwa ndoo, kuwakamata kwa biashara ya urembo kunahitaji kibali. Kinyozi bado anajifunza, tumwache na wapole.

Mtu wa Matema

Sawa mwalimu. Basi angalau mapango yawe ya kwetu. Nikija sokoni Mbeya nitamletea vyungu vidogo vya Wakisi wa Ikombe, vile vilivyopasuka mdomo ambavyo kina mama hawauzi. Udongo mtupu. Aviloweke siku kadhaa kwanza, samaki watajificha humo.

Mama Kemia, Kihesa

Hivyo vizuri kabisa. Mawe ya kuokota ndiyo uyaangalie, Kinyozi. Dondoshea siki: jiwe likitoa povu lina chokaa, na yale ya upande wa Songwe mengi yatatoa. Kwa moli si neno, kwa neoni hapana.

Sasa mpango. Hao wanne waliobaki wavushe kwanza, usiongeze yeyote. Pleko umtafutie mwenye bwawa la ndani au tenki kubwa, usimmwage mtoni wala usimwage mwingine yeyote mtoni. Maji yakitulia, chukua samaki wanaovumilia Mbeya: danio sita, wale wa mistari, wanakaa vizuri kwenye nyuzi 20, na plati au gapi wachache, madume kama hutaki watoto mia. Hita zako ziweke 23, siyo 27, bili itakushukuru. Chakula mara moja kwa siku, kinachoisha ndani ya dakika mbili. Kwa watoto bandika karatasi, au wape kazi: mtoto aliyekaa kimya mpaka mwisho wa kunyolewa ndiye anayepewa kijiko kimoja cha chakula awatupie. Kijiko kiwe cha chumvi, kile kidogo kabisa.

Na bakteria usisubiri wiki sita. Nina tenki la zamani lenye sponji mbili, moja ina miaka mitatu haijawahi kuona sabuni. Nitaikata nusu niifunge mbichi, niitume na basi la asubuhi. Saa chache haifi ikiwa imeloa na ina hewa. Ukiipokea iingize pembeni ya sponji yako siku hiyohiyo, usisubiri kesho, na usiioshe. Narudia, usiioshe.

Kinyozi wa Soweto

Wiki mbili baadaye, nimerudi na taarifa.

Mzigo ulifika saa tisa mchana kwenye kopo la siagi, mfuniko umetobolewa matundu, juu yake mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu: USIIOSHE. Kondakta aliufungua kuhakikisha siyo pombe ya kienyeji, akakuta nusu ya sponji ya rangi ya kahawia inatiririka tope. Akaniangalia, akaangalia kopo, akaniuliza kama nimelipa nauli kwa ajili ya hiki. Nikamwambia ndiyo, na ninakimbia nacho.

Hita mbili zimefika, stairofomu imebandikwa, asubuhi ya leo chumba 11, maji 22 na nusu. Moli wawili wapo. Enjeli yupo. Pleko kahamia kwa mteja wangu mwenye tenki la futi sita huko Block T, kanitumia picha. Nyungu moja ya Ikombe iko katikati na moli jike ameifanya chumba chake, anamfukuza mwenzie.

Mende wamerudi wawili. Nimewaacha.

Swali dogo: moli jike tumbo lake limekuwa la mraba kwa nyuma na lina doa jeusi. Huo ni ugonjwa?

Mama Kemia, Kihesa

Siyo ugonjwa. Weka majani mengi juu ya maji, na enjeli mtenge leo usiku.